Jumla Iliyojiandika Yenyewe

Kompyuta yetu ilikuwa na kitambaa chake cha kufuma, kama redio ya sebuleni, na chumba chake kilikuwa na sheria: viatu vinabaki mlangoni. Ilikuwa enzi za ruksa. Maduka ya Majengo yalikuwa yamejaa vitu ambavyo miaka michache nyuma tulivipangia foleni, na hata ofisi yetu ya mradi wa maji, pale Dodoma mjini, ilikuwa imepata mashine ya wafadhili. Mimi, karani wa mipango, ndiye niliyepelekwa kozi ya kuitumia. Nilirudi nikitembea kwa maringo, sikatai.

Kabla ya hapo mpango wote ulikaa kwenye karatasi kubwa ukutani. Kazi kuu, kulaza bomba kutoka tangini, iliandikwa juu. Chini yake kila kitongoji na urefu wa mtaro wake. Vipande hivyo viliandikwa kwa penseli, maana mafundi walirudi na vipimo vipya kila mara. Jumla, kwenye mstari wa juu wa kazi kuu, aliiandika mkuu wangu kwa wino, na wino wa mkuu hakuna aliyethubutu kuugusa.

Kwa wino huo, mabomba ya bohari yaliisha kabla ya kufika kitongoji cha mwisho, upande wa Chamwino. Kikaondolewa kwenye mpango. Huko ndiko alikoishi mama yangu, ambaye kila alfajiri alichimba mchanga wa korongo ili apate ndoo moja ya maji yenye rangi ya chai. Niliumia sana, lakini ungebishana vipi na jumla?

Siku niliyoanza kuhamishia mpango kwenye kompyuta, niliingiza kitongoji kimoja kimoja. Mstari wa kazi kuu niliuacha mtupu, kwa kuwa kozini walituambia utajijaza. Nikaingiza cha kwanza: juu pakatokea namba ileile. Cha pili: namba ya juu ikapanda. Jamani! Nikapunguza mtaro mmoja makusudi, na ya juu ikashuka palepale, wala sijaigusa. Nilicheka peke yangu kama mwehu. Nikaichezea hivyo, panda shuka, mpaka nikakumbuka kwamba nina kazi.

Nilipomaliza, jumla ilikuwa ndogo kuliko ile ya ukutani, ingawa zote mbili zilikuwa za vitongoji vilevile. Nikahakiki vipande vyote, vilikuwa sawa. Kisha nikaelewa. Mafundi walikuwa wamefupisha mitaro, penseli ikafutwa na kuandikwa upya, lakini wino ulikuwa uleule wa mwanzo. Mabomba yalikuwa yanabaki!

Nilikimbia koridoni peku hadi kwa mkuu.

"Shikamoo mzee! Mzee, njoo uone, jumla imeshuka!"

"Marahaba. Nani ameishusha?"

"Hakuna mtu, mzee. Inajijumlisha yenyewe."

Alivua viatu, akaketi mbele ya kompyuta na kikokotoo chake. Akajumlisha kutoka juu kwenda chini, kisha kutoka chini kwenda juu. Nilisimama nyuma yake, nikiomba umeme usikatike.

"Haya binti," alisema mwishowe. "Rudisha kile kitongoji."

Nikaongeza mstari wa nyumbani kwetu, nikaandika urefu wake, nikabonyeza. Namba ya juu ikaruka, ikatua chini kidogo tu ya mabomba tuliyokuwa nayo. Nikapiga kigelegele ndani ya chumba ambacho hata kukohoa kulikuwa mwiko. Mkuu alicheka mpaka akavua miwani.

Bomba lilipofika, nilikwenda nyumbani. Mama aliweka ndoo, akafungua. Nilikuwa namweleza habari za kompyuta, jinsi ukigusa kipande kimoja cha chini na cha juu kinajua, naye akiitikia tu, macho kwenye maji. Ndoo ikajaa, yakaanza kumwagika.

"Mama, funga, imejaa."

"Ngoja kwanza, mwanangu," alisema. "Niache niyaone yakimwagika."