Kiti cha Akina Mama

Mikutano ya kampeni inanichosha. Juzi huko Ajia, wanaume tulikalia viti vya plastiki, wanawake wakakaa mikekani. Mama mmoja akasimama, akatangaza kwamba atagombea uenyekiti wa kijiji. Mzee aliyeongoza mkutano akampungia mkono akae.

"Mama, serikali ilipatia nyinyi kiti yenu ya wanawake. Hii ingine achia wanaume."

Mama akautazama mkeka wake, kisha viti vyetu. "Kiti yetu iko wapi, mzee?"

"Wacha maneno mingi. Leta kiti, mgeni iko anasimama."

Kweli, bwana mmoja alikuwa amechelewa. Mama akaenda, akaleta kiti, akakikalia mwenyewe.

Kelele zilizozuka, ungedhani ameiba kura! Usawa tunaupenda sana, mradi ubaki mkekani.