Bunduki ya Rahisi na Chupa ya Mawese

Mafuta ya mawese yakipata baridi huganda na harufu yake hulala. Yapashe moto, nayo harufu huamka yote kwa mara moja, nzito, tamu kidogo, ikaingia kwenye nguo ikakaa humo mpaka kesho yake. Watu wengi wa Baraka, mji wetu wa ziwani, wakiisikia hukumbuka jiko la mama. Mimi hukumbuka bunduki, na nikiwa peke yangu huondoka jikoni nikasimama nje kidogo.

Baba yangu alikuwa karani wa pamba hapa Baraka miaka ya hamsini, Wabelgiji wakiwa bado wanatawala, na kibali cha kuwa na bunduki kilikuwa kitu cha watu wa kuhesabika. Alipokipata alikiweka ndani ya Biblia, na wiki nzima hakuwa na habari nyingine. Mwindaji hakuwa. Alichotaka ni kanga wawili watatu wa Jumamosi, siku ya posho, na kuwatisha nguruwe mwitu waliofukua mihogo ya mama. Aliyemshauri achukue bunduki ya rahisi ni mjomba Wilondja, kaka yake mama, mvuvi wa Lweba mwenye mabega mapana na mdomo usiochoka. Bunduki hiyo ilikuwa imening'inia dukani muda mrefu, mitutu yake miwili mmoja umelala juu ya mwenzake, na watu walikuwa wakiicheka kwamba imebebana. Baba alitamani ile ya bei, yenye mitutu ya ubavu kwa ubavu na maua yaliyochongwa kwenye chuma. Walibishana barazani siku tatu. "Shemeji," mjomba akamwambia, "muntu wa kupiga kanga siku ya posho tu, bunduki ya bei kali iko ya nini? Kanga anaulizaka bei?" Tulicheka sote, na baba akashindwa.

Rahisi ghali, wahenga walisema, na majirani walilisema neno hilo kabla hata bunduki haijafika nyumbani. Mti wa kitako chake ulikuwa umepakwa rangi ya kahawia ili ufanane na mti wa maana, na mvua ya kwanza ikaiosha rangi yote ikamwachia baba mikono michafu. Kifyatulio chake kilikuwa kigumu. Lakini ililia kila ilipotakiwa kulia, na msimu ule tulikula kanga mpaka mama akaanza kuwapelekea jirani. Nasema hivi kwa sababu nataka ijulikane: ilikuwa bunduki nzuri.

Kuipaka mafuta ilikuwa kazi yangu. Nilikuwa na miaka tisa, mtoto wa kwanza, na vidole vyangu vilipenya pale ambapo vya baba havikupenya. Alinipa kichupa cha mafuta ya cherehani na onyo moja: "Sifa, mwanangu, mawese hapana. Hata tone." Niliitikia vizuri sana. Siku moja ya kiangazi, nikicheza, nikakipiga teke kile kichupa, na ardhi ya uani ikanywa yote. Baba alikuwa anajiandaa kupanda milimani, Bibokoboko, kwa rafiki yake mfugaji, ambaye shamba lake lilikuwa linaliwa na nguruwe, na mjomba alikuwa amekuja kumsindikiza. Niliogopa fimbo. Nikachota mawese ya juu kwenye chungu cha mama, yale mepesi yanayong'aa, nikaipaka bunduki nje na ndani, na kwenye vile vitundu ambamo pini hutokea kugonga risasi nikamimina mpaka yakafurika. Hapa ziwani kuna joto, yakapita kama maji. Baba aliisifu kwa kung'aa. Na mimi nilikuwa nimekwenda na mama milimani si mara moja, kubadilisha mawese kwa siagi. Nilijua kwamba kule asubuhi chupa zetu huganda, tukaziweka kando ya moto ndipo zimwagike. Nilijua, lakini sikuunganisha.

Yaliyotokea niliyasikia waliporudi. Asubuhi yenye ukungu, dume la nguruwe lilitoka kwenye majani hatua chache mbele yao. Baba akavuta kifyatulio: tik. Akavuta tena kwa mtutu wa pili: tik. Dume likampita baba likamkuta mjomba, likamchana paja mpaka kwenye mshipa wa goti. Wafugaji walimfunga kwa vitambaa, wakambeba zamu kwa zamu, yeye na uchungu wake, juu ya machela mpaka Baraka. Baba hakutaka hata kuigusa bunduki. Alikuwa ameitupa machelani, kando ya mgonjwa.

Siku ya pili baba aliitoa uani, akaelekeza mitutu juu, akavuta. Ikalia. Akavuta tena, ikalia tena. Alisimama pale na moshi ukimzunguka. "Munaona?" akawaambia majirani. "Bunduki ya rahisi iko na kichwa ya muwazimu. Inalia wakati inapenda." Hapo ndipo nilipounganisha. Joto, baridi, chupa kando ya moto. Nilikuwa na hatua nne tu kumfikia baba, na sikuzipiga.

Mjomba alipona nusu. Mguu haukukunjika tena, na mvuvi asiyeweza kusimama mtumbwini huishia kushona nyavu za wenzake, na ndivyo alivyoishia. Baba naye akageuka mhubiri. Kila mtu aliyepata kibali, kutoka Fizi hata Kazimia, alikuja kumuuliza kama bunduki ya rahisi inamfaa mtu wa kupiga mara moja moja, na baba alikuwa na jibu moja. "Muangalie shemeji wangu anatembea namna gani. Ni yeye alinishauri." Alisema hayo hata mjomba akiwapo. Na mjomba alicheka, akainama kwenye wavu wake. Nilimpelekea chai mimi mwenyewe mara nyingi, nikiyasikia maneno hayo, nikiwa na sukari mkononi na uongo tumboni. Njia ya mwongo ni fupi, wanasema. Yangu ilipita mpaka kwenye kaburi la baba.

Baada ya mazishi yake nilishindwa kuendelea kuficha. Nilikwenda Lweba, nikiwa mama wa watoto watatu, nikapiga magoti mbele ya mjomba nikamweleza kila kitu, kichupa, chungu, vile vitundu. Hakuacha kushona. "Arufu ya mawese mi niliisikia palepale mulimani," akasema. "Njiani, kwa machela, nilifungua bunduki nikaona mafuta imeganda mule. Nikachokonoa na kijiti, nikapangusa na shati yangu, baba yako asione."

"Juu ya nini haukusema, mujomba?"

"Muguu ilikuwa imekwisha kuaribika. Niaribishe tena na mutoto?"

Nililia kwa sauti, nikamshika ule mguu mgumu, naye akaniambia nisimchanganyie nyuzi. Ningetamani aseme amenisamehe. Hakusema, na sikuthubutu kumwomba.

Siku hizi neno bunduki halitajwi kwa kicheko katika nchi yetu, na hakuna anayebishana barazani siku tatu kuhusu mti uliopakwa rangi. Watu wa Bibokoboko na sisi wa ziwani tumeshaona mengi ya bunduki kuliko kanga na nguruwe. Lakini mwaka huu mjukuu wangu, anayeishi mbali ambako watu hulenga kwa kujifurahisha, aliniuliza kwenye simu, akicheka, kama bunduki ya mitutu ya kubebana, ya bei nafuu, inamfaa mtu wa siku mojamoja, maana alisikia kwamba babu yake mkubwa, yaani baba yangu, aliilaani.

"Inafaa, baba," nikamwambia. "Ile yetu haikuwa na kosa lolote. Mjomba alishauri vizuri." Yalikuwa maneno machache, yasiyo na uzito wowote. Ningeweza kuyasema nikiwa na miaka tisa, pale uani, moshi ukiwa bado haujatawanyika.