Shokapu Ngumu Kuliko Zote

Shokapu zile za kupunguza mtikisiko wa gari nilizichagua mwenyewe, na hadi leo zinanitia hasira. Miaka ya tisini nilikuwa na kigari cha Kijapani cha milango miwili, kizee lakini chenye mbio. Muuza spea wa Shinyanga, mzee wa Kihindi, aliniuliza, “Utambeba nani humo?” Nikamfokea. Mimi nilitaka gari linaloshika barabara kwenye kona, si basi la harusi! Nikachukua ngumu kuliko zote. Fundi alipozifunga, akakalia boneti. Gari halikunesa hata kidogo. Nikavimba kichwa.

Jumapili nikamfuata mama yangu kijijini Segese, nimlete mjini. Kila shimo lilimpiga mgongoni. Alipolalamika, nikamwambia anadeka, nikaongeza mwendo. Kabla hatujafika mjini akasema, “Simama.” Akashuka, akasimamisha mkokoteni wa ng’ombe uliobeba pamba, akapanda juu ya magunia. Nikapiga honi, nikafoka, nikamtukana hata mwenye ng’ombe. Mama hakugeuka.

Mkokoteni ule haukuwa na springi hata moja. Lakini kabla ya kuondoka, mwenye ng’ombe alimwuliza, “Mayu,” yaani mama kwa Kisukuma, “umekaa vizuri?” Mimi mwanawe sikuwahi kumwuliza.