Pilau Ikiiva, Fundi Mapenzi Huangalia Gunia

Saa tatu asubuhi, Mtopanga. Mapenzi Jefwa amepiga magoti mchangani, gunia tupu la mchele mikononi. Analivuta huku na huku kama mkwe anayekagua leso za posa, akitafuta kasoro.

"Hili halivutiki. Hiki ndicho kitambaa cha zege," anasema, akilitupa kwenye rundo.

Mapenzi, mwenye miaka hamsini na mmoja, ni fundi wa misingi. Mbao za kuzuia zege ni ghali, na mchanga wa Kisauni huporomoka ukiutazama vibaya. Kwa hiyo yeye hushona magunia, akayapigilia kwenye vigingi ndani ya mtaro, kisha zege humwagwa humo. Maji huchujika, zege hubaki. Dukani gunia moja ni shilingi thelathini, lakini yeye hanunui. Hufuata harusi.

"Pilau ikiiva, wenzangu huangalia sinia. Mimi naangalia gunia lililotoka mchele," anasema. "Wapishi wote wanijua."

Leo lakini hacheki sana. Msingi ni wa Bi Nadira, na upo mpakani na kiwanja cha Mzee Ismail. Mwezi uliopita Bi Nadira aliyakataa magunia: nyumba yake haianzi na gunia, wallahi! Akaleta kitambaa cha madera, laini, chenye maua. Mapenzi akakubali. Zege likaingia, kitambaa kikavutika, msingi ukatoa tumbo hadi kwa jirani.

"Dera huficha tumbo la mtu," anasema Mapenzi. "La zege hulitangaza."

Mzee Ismail akaita wazee wa mtaa, tumbo likavunjwa kwa nyundo. Leo upande huo unamwagwa upya, kwa magunia, na Mzee amefunga kamba mpakani, ameketi pembeni na kikombe cha kahawa. Zege likiigusa kamba, Mapenzi hatapewa tena kazi mtaani hapa.

Vibarua wanamwaga. Gunia linajaa, linafura.

"Fundi, lapumua hilo!" Mzee Ismail anasimama.

"Kaa, baba. Hata wewe ukishiba wapumua."

"Mimi nikishiba sihamii kwa watu!"

Bi Nadira amejifunika uso kwa ushungi. Gunia linafura tena, maji yanatiririka, kisha latulia. Mzee anapitisha vidole viwili kati ya gunia na kamba. Vinapita. Anaomba vya Mapenzi, labda ni vinene zaidi. Navyo vinapita.

"Haya," anasema kwa shida. "Na mimi nataka ukuta. Lakini tumbo lielekee kwa Nadira."

Mapenzi ana kiwanja Miritini, na akiba ya magunia ya kutosha msingi wa vyumba viwili. Anataka cha tatu, cha mamake. Harusi moja kubwa ingemtosha.

Jicho lake limeshatua kisimani, ambako Luqman, mwana wa Ismail, anamsaidia Samiha, binti wa Nadira, kuchota maji. Ndoo imejaa zamani.

"Wakioana hawa," ananong'ona, "mpaka utakwisha, ugomvi utakwisha, na mimi nitapata magunia. Mimi ni Mkristo, lakini kwa hili nasema inshallah."