Vuta Kwanza, Kisha Urushe

Siku yangu ya kwanza kazini, Mkuu wa Karakana wa chuo kimoja cha ufundi pale Oyugis alinivunjia ndege yangu ndogo ya mfano. Nilikuja nayo ili aone kwamba hata mwanamke anajua injini. Mabawa niliyachonga kwa ule mti mwepesi ambao wavuvi wa Mfangano hutengenezea maboya. Akaisifu, akaniambia niishike vizuri, kisha akachukua mpini wa zile waya za kuiongozea na kuvuta kwa nguvu zake zote. Bawa likang'oka.

"Pole," akasema. "Lingeng'oka hewani, lingempiga mtoto wa mtu."

Nilimchukia mpaka saa ya chai. Baadaye nikaelewa. Ndege hizi zina injini ndogo ya kuenea kiganjani, inayokunywa spiriti na mafuta ya mbarika, na zimefungwa waya mbili nyembamba. Rubani husimama katikati akizunguka nayo; akiinua mpini inapanda, akiuinamisha inashuka. Ikishika kasi, inavuta kuliko ng'ombe anayekataa kwenda mnadani. Ndiyo maana lazima ijaribiwe kwanza kwa kuvutwa, na mwenye ndege hajijaribii. Mzee yule alitufundishia injini kwa ndege hizo, na sijaona fundi kama yeye. Alisikiliza tu mlio, akajua kama mafuta yamezidi.

Tulihamishiwa Migori pamoja. Siku ya kumuaga alipostaafu, alitaka kurusha ndege yake mara ya mwisho katika uwanja wa Ogwedhi. Watu walijaa, watoto wamekaa kando ya duara. Akanipa mpini nivute. Yawa, mkono ulikuwa mzito! Nitamvunjiaje mzee ndege siku yake, mbele ya mkewe? Nikavuta kidogo, kwa adabu.

"Unanisalimia ama unavuta?" akafoka. "Vuta, nyathina, mwanangu!"

Nikavuta. Kile kipande cha pembetatu kinachoshika waya ndani ya bawa kikachomoka na skrubu zake. Nilitamani ardhi inimeze.

Mzee akachungulia matundu ya skrubu. Mbao ilikuwa imeoza. Akachukua kipaza sauti.

"Ndege yangu ni mbovu na mimi sikujua," akawaambia watu. "Huyu mama amewaokoa watoto wenu. Atarusha yeye."

Akaivuta kwanza yangu niliyokuja nayo, ikashika; nikairusha, ile ile ya Oyugis yenye bawa la kuungwa, nazunguka huku machozi yananitoka. Yeye ndiye aliyepiga makofi kuliko wote.

Sasa nami nimestaafu, na karakana iko mikononi mwa Akinyi, niliyemfundisha mwenyewe. Juzi nilimpelekea ndege mpya, nimeipaka rangi mara tatu, inang'aa. Akashika mpini, akavuta polepole huku akiniangalia usoni.

"Akinyi, unanisalimia ama unavuta?"

Akavuta kwelikweli. Bawa hilo chini! Nilinuna mpaka saa ya chai, halafu nikampigia simu kumwambia asante.