Meza Sita na Maneno ya Mama

Nimeishia darasa la saba, na hilo la saba lenyewe nililimaliza kwa kusukumwa. Lakini kama yupo mtu hapa Sumbawanga aliyewahi kucheza poka kwenye meza sita kwa wakati mmoja, akatoka na faida mwezi baada ya mwezi, ajitokeze. Mimi simjui.

Nilianza kwa kusukuma baiskeli yenye magunia ya mahindi kutoka Mazwi hadi kwenye mashine za Majengo. Nikawa kibarua wa mashine, nikawa msagaji, nikaja kuwa mwenye mashine. Leo ninazo mbili za kusaga na moja ya kukoboa, na nyumba Milanzi yenye bati la rangi. Baba aliniachia jina lake tu. Mengine yote nimeyatafuta kwa mikono hii.

Karata nilifundishwa na mpima barabara mmoja, mgeni, wakati lami inajengwa na mimi nawapelekea unga kambini kwao. Alinifundisha kwa vidole, maana Kiingereza changu kilikuwa cha namba. Simu zilipoanza kushika intaneti nikagundua kwamba ziko meza zisizo na ukuta wala mlango, zimejaa watu wa dunia nzima, mchana na usiku. Nikanunua kompyuta. Watu wakadhani nimenunua kwa ajili ya watoto.

Kwa asiyeujua mchezo wenyewe: kila mtu anapewa karata mbili za siri, nyingine tano zinafunuliwa katikati kidogo kidogo, na kila hatua unaamua kutupa, kufuata au kupandisha dau. Karata nzuri huja kwa nadra. Anayekaa meza moja anachoka kusubiri, mwisho anaingia na takataka, analiwa. Dawa yake ni kufungua meza nyingi, ili kila wakati pawepo pa kufanya kazi. Ila kila meza inakupa sekunde chache. Zikikaribia kwisha, inalia kengele. Ukinyamaza, mashine inazitupa karata zako bila kukuuliza.

Wengi hufika meza mbili wakachanganyikiwa. Mimi nilifika sita, na ufundi huo sikuupata kwenye kompyuta. Niliupata kwenye mashine ya kusaga. Msagaji wa kweli anasikiliza injini, anashika mdomo wa gunia, anapima unga kwa kiganja usije ukaungua, na huku anajibizana na foleni ya akina mama ishirini.

"Wewe kijana, debe langu limepungua!"

"Halijapungua, mama, limelala tu."

"Basi liamshe, tuone!"

Siri yake ni kujibu bila kusikiliza. Ukisema "ndiyo mama", ukisema "nimesikia mama", ukisema "sasa hivi mama", foleni inatulia. Majibu hayo matatu yalinilisha miaka mingi, na sikuwahi kuyaona kuwa ni kosa.

Mwaka huo baridi ya mwezi wa sita ilikuwa kali hata kwa sisi tuliozaliwa juu huku. Mama aliletwa kwangu kutoka kijijini, kifua kinambana. Alikuwa mwanamke wa matuta, wa kilimo chetu cha zamani: anakata majani, anayalaza chini, anainua udongo juu yake, yaoze humo ndani mpaka msimu mwingine. Alilima hivyo mpaka mwili ulipomkatalia. Hospitali walimpa dawa, wakasema akae mahali pa joto.

Kwa hiyo kila asubuhi jua likipata nguvu nilimtoa barazani, nikamkalisha kwenye kiti, blanketi mbili, miguu juu ya kigoda. Mimi nikaweka kompyuta yangu kwenye meza ndogo pembeni yake. Saa nne mpaka saa saba. Nilijisifu sana kwa jambo hilo. Wenzangu wenye uwezo huwaachia wazazi wao dada wa kazi. Mimi niliiacha mashine mikononi mwa vibarua, nikakaa na mama yangu mwenyewe. Na kweli nilikaa. Mwili wangu haukutoka pale.

"Baba," aliniita siku moja, maana hakuwahi kuniita kwa jina tangu nilipoota ndevu, "hapo kila siku unachambua maharage?"

"Nacheza karata, mama."

"Na nani?"

"Na watu. Wako mbali huko, ng'ambo."

"Hawana kazi?"

"Ndiyo kazi yenyewe."

"Mh. Na wakifika wanakusalimia?"

"Hawasalimii, mama."

"Basi hao si watu, baba, hao ni inzi. Wafukuze."

Tulicheka mpaka akakohoa. Hayo nimeyashika kwa sababu muda huo umeme ulikuwa umekatika na meza zilikuwa zimefungwa.

Asubuhi ninayotaka kuisema, umeme ulikuwepo. Meza zote sita zilikuwa na moto, na mimi nilikuwa na siku yangu. Mama akaanza kuongea kwa Kifipa, taratibu, sauti ya chini, kama mtu anayeshusha mzigo asiuvunje. Aliongea muda mrefu. Nilijibu. Najua nilijibu, maana nalijua jibu langu. Sauti yake naikumbuka kama mtu anavyoikumbuka mvua iliyonyesha akiwa usingizini: unajua ilinyesha, hujui ilianzia wapi.

Siku ya tatu, kunapambazuka, mke wangu alimpelekea uji akarudi nao.

Watu wa msiba walijaa uani kwangu. Mdogo wangu wa kike, tuliyezaliwa naye wawili tu, alifika mchana kutoka kwa mumewe, huko Namanyere. Alinikumbatia, akalia, akajifuta, kisha akanivuta nyuma ya banda la kuni.

"Kaka, mama alinipigia juzi."

"Alisema nini?"

"Alisema, nimemweleza kaka yako mambo yote, na amekubali. Nikamuuliza, mama, yote yapi? Akasema ya namna hiyo si ya kwenye simu, kaka yako atakwambia." Akanishika mikono yote miwili. "Alikuwa na furaha, kaka. Sijamsikia na furaha hivyo siku nyingi. Alikwambia nini?"

"Nitasema kwenye kikao cha ukoo," nikamjibu.

Nikaingia chumbani, nikafunga mlango. Waliokuwa nje wakaambiana mwacheni, analia. Sikulia. Nilifungua kompyuta.

Programu ya karata huwa inatunza kila mgawo: saa, dakika, karata ulizopewa, ulichofanya. Huwa naupitia kila wiki, nijue nilipokosea. Ndivyo nilivyojifunza mchezo, si kwa shule. Nikaitafuta asubuhi ile. Ikaja yote, migawo zaidi ya mia nne. Na ninaapa, kila mgawo nilioutazama niliukumbuka. Jozi ya tisa, nikapandisha. Kopa mbili, nikafuata, kopa ya tatu ikagoma kuja mezani. Yule mwenye picha ya samaki aliyekuwa akinitisha kila mara, nikamnasa. Saa tatu nzima zilikuwepo pale, hakuna hata sekunde iliyopotea, na katikati yake mama yangu alikuwa anaongea na hakuandikwa popote.

Nikapita tena, polepole. Ndipo nikaona pengo. Kwenye saa tano na dakika kadhaa, meza tatu kwa mpigo zilizitupa karata zangu zenyewe, muda umekwisha. Kwenye mojawapo nilikuwa na kingi mbili, wafalme wawili. Mimi sijawahi kuacha kingi mbili ziniponyoke, hata nikiwa na homa. Kuna kitu kilikuwa kimenitoa.

Nikafumba macho na hizo kingi, na mkono wake ukarudi. Mkono wa baridi juu ya kifundo cha mkono wangu, umekaza. Nikageuka. Uso wake karibu, macho yana maji ya jua.

"Umesikia, baba?"

"Ndiyo mama, nimesikia."

"Basi nimetua," akasema, akaegemea kiti.

Nami nikageukia meza zangu, nikakuta kingi zangu zimetupwa, nikasonya. Sijui kama alinisikia nikisonya. Hayo tu ndiyo niliyoyapata. Kabla ya hapo hakuna kitu. Nilikaa nimeishika ile dakika kama mtu aliyebaki na mfuniko wa chungu.

Kikao kilikaa jioni, jua bado liko ukutani. Ndugu za baba walitaka mama alazwe kijijini, pembeni ya mume wake. Ndugu zake walitaka arudi kwao alikozaliwa, upande wa pili wa bonde. Mjomba wangu, kaka yake mkubwa, alinyoosha fimbo wakanyamaza.

"Hatugombanii mwili kama watu wa sokoni," alisema. "Kwetu aliyemuuguza mgonjwa ndiye anayesimama. Anaeleza ugonjwa, anaeleza maneno. Neno lake hatulibishi. Mjomba, simama. Dada yangu alisema nini?"

Naye aliniita mjomba kama mimi ninavyomwita. Nikasimama.

Nitasema kweli yangu. Nilikuwa nimeshaamua kudanganya. Katika poka hiyo si dhambi, ni nusu ya kazi: unapandisha dau huna kitu mkononi, na mwenzako anatupa zake kwa kukuogopa. Na sijawahi kuwa na nafasi nzuri kama ile. Hakuna aliyekuwepo barazani ila mimi. Hakuna wa kuzifunua karata zangu mpaka mwisho wa dunia. Nilikuwa nimechagua hata maneno: alazwe kwa mumewe, tupendane, basi.

"Mama alisema," nikaanza.

Watu wakainama mbele. Akina shangazi wakaondoa khanga midomoni ili wasikie. Baba mdogo alianza kutikisa kichwa, anakubali, na mimi sijafika popote. Kule kwenye meza zangu sijawahi kuona uso wa mtu. Pale zilikuwa nyuso kama thelathini, na nilizipitia moja moja kutafuta hata moja inayonishuku. Haikuwepo. Mdogo wangu alikuwa anatabasamu huku machozi yanamtoka, anangoja kupewa mama yake.

"Mama alisema mengi," nikasema. "Sikusikia hata moja. Nilikuwa nacheza karata."

Kuku alipita.

"Ulikuwa ndani, yeye nje?" mjomba akauliza.

"Hapana, mjomba. Tulikuwa pamoja."

"Umbali gani?"

Nikanyoosha mkono wangu. Umbali huo.

Akautazama ule mkono. "Nyumba hii ina mbwa?"

"Yupo, mjomba."

"Mwiteni. Huenda yeye alisikia."

Mtu mmoja nyuma alicheka, kisha akajutia kicheko chake. Mdogo wangu alisimama akanisogelea. "Kaka, hata neno moja?"

"Moja ninalo."

"Lipi?"

"Aliniuliza kama nimesikia."

"Ukamwambia?"

"Nikamwambia nimesikia."

Aliondoka, akaenda kugawa maji ya kunywa kwa wageni, kikombe kwa kikombe, mpaka kikao kikaisha.

Mama tulimlaza pembeni ya baba, kwa hesabu ya wazee tu, wengi dhidi ya wachache. Mimi nilikuwa niwasomee watu maisha yake pale kaburini. Suti nilikuwa nimeshaipiga pasi. Mjomba aliniondoa, akampa mdogo wangu karatasi. Alisoma vizuri. Mwishoni aliacha karatasi akasema: "Mama ametuacha akiwa ameshasema yote aliyotaka kusema." Wageni waliona ni maneno mazuri. Hakunitazama aliposema, na mpaka leo hajaniuliza tena.

Karata sijaacha, nisiongope. Nacheza meza moja, na mtu akiongea nafunga kompyuta. Kinachonila si karata. Ni kwamba nilikubali. Kuna kitu nilimwahidi mama yangu, akatua, akafa kwa amani juu ya ahadi yangu, nami sijui ni ahadi gani. Labda naivunja kila siku ninapoamka. Labda nimeshaitimiza bila kujua.

Kwa hiyo nafanya yote. Nimeezeka upya nyumba yake, labda alitaka isidondoke. Nimelima matuta yake, mimi mwenye mashine tatu, nimeinama na jembe huku wanakijiji wanapita wananiambia, "Tajiri, umefilisika?" Nimeenda kwa ndugu zake ng'ambo ya bonde nikawaomba radhi mmoja mmoja. Mjomba alinipokea wa mwisho, akanipa kiti kibovu.

Mwezi uliopita nilishuka ziwani, Kasanga. Huko aliolewa mdogo wake mama, na hao wawili hawakusemeshana tangu nikiwa mtoto. Hakuna aliyewahi kutueleza kwa nini. Nilimkuta mlangoni anatandaza dagaa. Nilikuwa na sukari na doti ya khanga.

"Shikamoo, mama mdogo."

"Marahaba." Alinitazama sana, usoni, akaitambua pua. "Amekutuma mama yako?"

"Ameshafariki, mama mdogo."

"Najua. Habari hushuka mlima. Nimekuuliza, alikutuma?"

"Inawezekana."

"Mtoto wa watu, mtu ametumwa au hakutumwa. Inawezekana ndiyo nini?"

Nikamweleza. Nilisimama pale juani na doti yangu mkononi nikamweleza yote, baraza, meza sita, kingi mbili, mkono wa baridi. Hakunikatiza. Nilipomaliza aliokota dagaa mmoja aliyeanguka mchangani, akampuliza, akamrudisha kwenye wenzake.

Kisha akasogea kwenye mkeka, akaniachia nafasi. "Kaa," akasema. "Mimi ninayajua aliyotaka kuniambia. Aliyokwambia wewe huyajui, na mimi siyajui. Lakini kaa."

Nikazima simu. Nikakaa.