Nyeupe Upande Huu, Kijani Upande Ule

Fundi alisimama mlangoni mwa jiko la mama yangu, hapa Kapata, mtaa wa wafanyakazi wa mgodi mjini Kolwezi, akiwa na vifuko vitatu vya saruji ya kujazia mianya ya karo, vigae vya ukutani: kimoja cheupe, kimoja cha kijivu, kimoja cha rangi ya chokoleti.

"Dada, chagua," akaniambia. "Mi niko tayari tangu asubuhi."

Wewe ungechagua mara moja, rafiki yangu. Hata mimi, katika nyumba nyingine yoyote, ningechagua bila kufikiri. Lakini karo hizi zimekaa ukutani na mianya wazi tangu nilipokuwa mtoto, na mama hakumruhusu mtu aiguse. Safari hii nimerudi kutoka chuoni nikamshawishi hadi akakubali. Nilipoingia kumuuliza rangi, nilimkuta ameketi kwenye kibao anachambua sombe, majani ya muhogo, kana kwamba swali halimhusu.

Nyumba za kampuni ya mgodi zilijengwa mbilimbili, zikigawana ukuta wa jiko. Upande huu sisi. Upande ule familia ambayo watu waliiita ya Kasai, jina ambalo hata leo linanisumbua. Mama jirani alizaliwa Kolwezi. Watoto wake walizaliwa Kolwezi. Huko Kasai, mkoa wa mbali, walikujua kwa kusikia tu, kama mimi nilivyokijua kijiji cha babu yangu kaskazini. Kwa nini sisi tulikuwa wenyeji na wao wageni? Niliuliza nikiwa mdogo, nimeuliza chuoni pia, na bado sijapata jibu la kunitosha.

Binti yao alikuwa rafiki yangu wa pekee. Nilikuwa sina ndugu wa kucheza naye, kwa hiyo ukuta ule ndio uliokuwa ndugu yangu: nikigonga, anagonga. Mama zetu nao waliutumia. Mama yangu akikosa chumvi, aligonga kwa mwiko, na sauti ya jirani ilikuja nene na yenye kicheko: "Unapika ao unacheza ngoma, mudogo wangu?"

Siku hizo tulipikia umeme wa bwawa la Nzilo na hakuna aliyeushangaa, ulikuwepo kama hewa. Kisha kampuni ikaanza kufa. Kantini, duka la kampuni, ikabaki na rafu tupu, taa zikawa zinakuja zinapotaka, na mbabula, jiko la makaa tunayoyaita makala, ikatoka uani ikaingia jikoni. Nakumbuka harufu ya makala mabichi, na masizi yaliyopanda ukutani hadi mama akasema jiko limekuwa shimo la mgodi. Kantini ilipofungwa kabisa, wafanyakazi waliambiwa wachukue karo zilizobaki stoo. Baba yangu na baba jirani wakagawana. Baba jirani, aliyekuwa na mkono mzuri, akazibandika pande zote mbili za ukuta. Mianya akawaachia wanawake wachague rangi.

Hapo ndipo mabishano yalipoanza, na sijawahi kusikia mabishano matamu kama yale. Mama alitaka nyeupe, kama hospitali. Mama jirani alitaka kijani. Malakiti, lile jiwe la kijani, lilizagaa kila njia tuliyopita, na yeye alitaka kulitwanga na kulichanganya na saruji.

"Nyeupe na makala!" mama jirani alimcheka mama yangu kupitia ukuta. "Wewe unataka kupika ao unataka kuosha ukuta mpaka ufe?"

"Na wewe, yaya, unataka jiko ao unataka kuchimba?" mama alimjibu. Yaya ndivyo alivyomwita, yaani dada mkubwa.

Wakakubaliana kujaribu. Mama akajaza pembe moja ndogo kwa saruji nyeupe. Mama jirani akajaza pembe yake kwa kijani. Mimi na binti yake ndio tuliotwanga malakiti, tukapiga chafya, mikono ikawa ya kijani hadi kwenye viwiko. Kila upande upike kama kawaida, walisema, na moshi ndio utaamua nani alisema kweli. Jioni walitembeleana, wanatazama pembe zile kama madaktari, na hakuna aliyekubali kushindwa.

Moshi haukupata nafasi ya kuamua. Yakaja maneno barabarani, kwanza kwa vijana, kisha kwa watu wazima tuliowaamkia kila siku: watu wa Kasai warudi kwao. Kisha yakaja mawe juu ya mabati. Baba alisema ni siasa. Lakini mimi nilikuwa dirishani, na siasa sikuiona. Niliona watu wa mtaa wetu, wanaozungumza lugha ya nyumbani kwetu, wakibeba godoro la mama jirani.

Familia ya mama jirani ilikaa stesheni ikingojea treni, wao na umati wa wengine waliofukuzwa, chini, katikati ya masufuria na cherehani. Mama alifunga bukari, ugali wetu, na sombe kwenye kitambaa, akanishika mkono, tukaenda. Majirani walimtazama vibaya njiani. Yeye na mama jirani hawakulia. Walikula pamoja kwa vidole, bakuli moja, na mama akauliza kama mtu anayeuliza bei ya nyanya:

"Sasa yaya, ile rangi tunafanya namna gani?"

"Usijaze bila mi," mama jirani akasema. "Utaweka nyeupe, nakujua. Ngojea nirudi nikucheke vizuri."

Binti yake alikuwa amelala juu ya mfuko wa nguo. Sikumwamsha. Nilidhani ningemwona kesho yake.

Niliendelea kugonga. Ukuta wenye chumba kitupu nyuma yake una sauti yake, na mimi niliijua sauti hiyo kabla sijajua kusoma vizuri. Baadaye wakaingia watu wengine, wakagomba kwamba mtoto wa jirani anawasumbua. Nikaacha.

Kwa hiyo nilipomwacha fundi na vifuko vyake, nilikwenda upande ule nikabisha hodi. Nilitaka kuhakikisha kama pembe ya kijani ipo kweli, kwa sababu kumbukumbu za utotoni siziamini, hata zangu. Mama anayekaa pale sasa alinitazama kwa mashaka, lakini akaniruhusu. Pembeni, chini, nilikwangua masizi kwa ukucha. Kijani ilikuwepo. Nikaokota malakiti nyuma ya choo, nikarudi mbio, nikamwambia mama nimeamua, tutaweka ya yaya.

Mama aliweka kisu chini.

"Hapana," akasema. "Hiyo ni yake. Mi nilisema nyeupe."

Fundi akajaza nyeupe. Ilipendeza kwa siku chache. Leo asubuhi umeme umekatika, mama amewasha mbabula, na mianya juu yake tayari imekuwa ya kijivu. Amesugua kwa majivu na kitambaa, imekataa. Kisha akasimama, mkono umeegemea karo, uso ameugeuzia ukuta.

"Unaona?" akasema. "Imechafuka kama alivyosema. Sasa nani atanicheka?"

Nilijaribu kumcheka mimi. Kicheko kilitoka chembamba, na mama akatabasamu kwa adabu, kama unavyomtabasamia mgeni.